Elimu kwa Wananchi: Picha za Kale Zilizomo Maktabani na Haki ya Kuzinakili



Miongoni mwa masuali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu wa skuli, waandishi wa vitabu, wachapaji wa kalenda na hata wafanyabiashara wa fulana, limo moja linaloonekana jepesi ilhali lina uzito wake. Mtu akipata picha ya zamani ya Unguja au Pemba, iwe katika maktaba, katika kitabu au katika intaneti, je, anayo ruhusa ya kuichapa upya? Na kama ruhusa inahitajika, aiombe kwa nani? Wapo wanaojibu kwamba picha ya zamani haina mwenyewe, basi kila mtu na aichukue. Wapo wengine wanaoamini kwamba maktaba inayoihifadhi ndiyo mwenye picha, na bila ya idhini yake na malipo hakuna linaloruhusiwa. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza huwanyima watu haki zao. La pili hutufanya tuione haya kuitumia historia yetu wenyewe, au tuilipie pale ambapo hapana deni.

Kwanza hapana budi kutenganisha baina ya karatasi na haki. Mtu anaponunua kadi ya posta ya mwaka 1905 katika duka la vitu vya kale, alichonunua ni karatasi. Anaweza kuitia fremu, kuiuza au kumrithisha mwanawe. Haki ya kutoa nakala nyengine na kuzisambaza ni kitu cha pili, nacho hakimo ndani ya bei ya karatasi. Ni kama barua: aliyeandikiwa anaimiliki karatasi, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeyaandika, wala mpokeaji hakupata kwa kuipokea ruhusa ya kuyachapa gazetini. Kwa waliosoma fiq-hi jambo hili si geni. Anayewekewa amana hukishika kitu, hukilinda na hukijibia siku ya kuulizwa, lakini kukaa nacho hakumfanyi kuwa mwenye mali. Maktaba aghlabu iko katika nafasi inayokaribiana na hiyo. Huenda karatasi ikawa yake kabisa, kwa kuinunua au kwa kupewa tunu. Lakini haki ya kunakili haikuhamia kwake ila kama mwenye haki aliihamisha kwa maandishi.

Mfano mzuri wa kuhamisha unatoka Marekani. Mpiga picha G. Eric Matson, aliyekuwa na makao yake Jerusalem, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1936, na katika picha alizorudi nazo zimo za Zanzibar. Mwaka 1966 aliitunuku Maktaba ya Bunge la Marekani mkusanyiko wake. Maktaba hiyo huwaeleza wasomaji wake kwamba, kwa kawaida, haimiliki haki za vitu inavyovihifadhi. Kwa hivyo haitozi ada ya idhini, wala haitoi idhini wala haimnyimi mtu. Juu ya picha za mkusanyiko huu imeandika kuwa hakuna kizuizi cha hakimiliki kinachojulikana. Msomaji aitazame vyema ibara hiyo. Haisemi kwamba hakuna haki. Inasema kwamba haijulikani kuwapo. Dhamana ya kutafuta zaidi inabaki kwa anayechapa.

Haki ya mtunzi ina umri, na umri wake una mwisho. Picha zilianza kulindwa na sheria ya Uingereza mwaka 1862, kwa muda wa uhai wa mtunzi na miaka 7 baada ya kufa kwake. Sheria ya mwaka 1911, iliyoenezwa katika sehemu nyingi za himaya ya Waingereza, ilibadili kipimo: muda ukawa miaka 50 tangu kutengenezwa kwa negativu. Kwa kipimo hicho, picha iliyopigwa mwaka 1896 ilimaliza muda wake mwaka 1946. Lakini sheria hukunjuliwa na kukunjwa. Tangu tarehe 1 Januari, 1996, Uingereza inahesabu uhai wa mtunzi na miaka 70 baada yake, mpaka mwisho wa mwaka, na zilikuwepo haki zilizokwisha kufa ambazo zilifufuliwa na badiliko hilo. Ndiyo kusema, mpiga picha aliyefariki mwaka 1950 kazi zake zilitoka katika ulinzi Uingereza tarehe 31 Disemba, 2020, hata kama alizipiga ujanani katika karne ya kumi na tisa. Marekani nako wana hesabu yao: kazi iliyochapishwa huko zamani hulindwa isizidi miaka 95 tangu kuchapishwa.

Msomaji atauliza: sasa mimi niliyeko Unguja nifuate sheria ya nani? Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unasema kuwa ulinzi hutazamwa kwa sheria ya nchi ambamo unadaiwa. Anayechapa kitabu hapa na kukiuza hapa hutazama sheria ya hapa. Akikipeleka kitabu hicho kikauzwe London, hapo sheria ya Uingereza imeingia. Hakimiliki haimo katika mambo ya Muungano, na ndiyo sababu Tanzania Bara walitunga sheria yao mwaka 1999, nasi Baraza letu la Wawakilishi likatunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 2003. Kutokana na sheria hiyo ndipo ilipopatikana COSOZA. Kwa picha ambayo umri wake hauko mbali, ushauri wa COSOZA utafutwe kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, si baada ya malalamiko kuletwa. Mkataba wa Berne wenyewe umeweka kiwango cha chini kwa picha kuwa miaka 25 tangu kupigwa, lakini nchi nyingi zimeweka muda mrefu zaidi, na kiwango hicho kisichukuliwe na mtu kuwa ndicho kipimo cha kila mahali.

Hesabu yote hii haina faida kama mwaka wa picha haujulikani, na picha nyingi za kale hazina mwaka. Hapa mwananchi wa visiwa hivi anaweza kuishinda maktaba ya ng'ambo, kwa sababu yeye anaijua mitaa. Jengo la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Katika zama za mwanzo mbele yake, upande wa pwani, ulisimama mnara wa taa uliojitenga peke yake. Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji. Beit al-Hukm likaharibika, mnara ukadhurika na baadaye ukavunjwa. Jengo lilipotengenezwa, mwaka uliofuata, mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib lenyewe. Kwa hivyo, picha yenye jengo hilo na mnara uliojitenga imepigwa baina ya 1883 na 1896. Na yenye mnara uliokamatana na jengo imepigwa baada ya hapo. Nimeona picha za aina ya kwanza zimeandikwa kuwa ni za mwaka 1900, na hilo haliwezekani kabisa. Kadhalika, picha ya Mnazi Mmoja yenye kuba jeupe la Beit al-Amani haiwezi kutangulia mwaka 1925, ambapo nyumba hiyo ya makumbusho ilifunguliwa, seuze miaka iliyo kabla yake.

Kadi za posta nazo zina alama yao, nayo iko mgongoni. Kadi za zamani zaidi mgongo wake wote uliachiwa anwani, na salamu iliandikwa ubavuni mwa picha. Posta ya Uingereza iliruhusu mgongo ugawiwe sehemu mbili, moja ya maneno na moja ya anwani, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kadi yenye mstari wa kati, basi, haikuchapwa kabla ya 1902. Lakini tahadhari: mwaka wa kadi si mwaka wa picha. Wenye studio za picha hapa mjini, kama vile A. C. Gomes na Coutinho, Wagoa waliokuwa na maduka yao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, waliweza kuuza chapa ya kioo kimoja kwa miaka mingi. Jina lililochapwa kwenye kadi ni la aliyeiuza. Aliyesimama nyuma ya kamera huenda akawa mtu mwengine.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi. Picha imekwisha muda wake wa haki, naam. Lakini maktaba inayo, na inadai fedha. Je, ni halali? Jibu linategemea fedha hizo ni za nini. Kutoa picha ghalani, kuiskani kwa uangalifu na kuipeleka kwa mwombaji ni kazi, na kazi ina ujira. Ujira huo hapana wa kuulalamikia. Aidha, maktaba ikimtaka mwombaji atie saini sharti la kutotumia nakala ile kwa biashara, naye akatia saini, basi amefungwa na ahadi yake, hata kama hakuna hakimiliki iliyobaki. Mkataba ni mkataba. Ila ahadi hiyo inamfunga aliyeitoa. Haimfungi mtu wa tatu aliyeipata picha hiyo hiyo kwa njia nyengine ya halali, kwa mfano katika kitabu cha mwaka 1890.

Lisilo halali, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni maktaba kudai kuwa kwa kuiskani picha kongwe imezaa haki mpya ya mtunzi. Mahakama moja ya Shirikisho mjini New York, mwaka 1999, katika kesi baina ya maktaba ya picha ya Bridgeman na kampuni ya Corel, iliamua kwamba nakala inayofuatisha asili neno kwa neno, kama tungesema kwa kitabu, haina ubunifu wa kuzaa haki. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ulitoa agizo kwa nchi wanachama lenye maana hiyo kuhusu kazi za sanaa ambazo muda wake umekwisha. Uingereza, Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, katika kesi ambayo wala haikuhusu picha za kale, ilikumbusha kwamba kipimo ni ubunifu wa akili ya mtunzi mwenyewe, si jasho lake tu. Mambo haya hayajulikani vya kutosha kwetu. Mwalimu anapoona alama ya hakimiliki na mwaka wa karibuni chini ya picha ya Sultan Barghash, aliyefariki mwaka 1888, huogopa na kuiacha. Kitabu cha watoto kikatoka bila ya picha, au na mchoro wa kubahatisha.

Hasara hiyo si ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya picha zetu haziko kwetu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Marekani, kilipata mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, kuanzia takriban mwaka 1860 hadi 1960. Zanzibar imo. Nyaraka za Taifa za Uingereza, mwaka 2011, ziliweka wazi katika intaneti maelfu ya picha za iliyokuwa Wizara ya Makoloni. Na kwa sheria ya huko, picha za Serikali zilizopigwa kabla ya Juni 1957 zilimaliza haki yake baada ya miaka 50. Hazina hii inaweza kutumiwa hapa, na haja ipo. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka na roho za watu zikapotea. Fundi anayetaka kujua nguzo zilisimama vipi, milango ilichongwa nakshi gani na veranda ilipita wapi, mashahidi wake ni picha. Kumwambia asubiri idhini isiyohitajika ni kumfunga mikono.

Isifahamike, hata hivyo, kwamba kila picha ya rangi nyeusi na nyeupe iko huru. Zile za miaka ya hamsini, sitini na sabini aghlabu zina wenyewe, na wenyewe hao au warithi wao wamo humu humu mitaani. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za Sultani na za watu wa kawaida kwa miongo mingi. Kazi za namna hiyo hazichukuliwi ukutani na kuchapwa kwenye kalenda kwa kuwa tu mpigaji ni mzee au ametangulia mbele ya haki. Haki ya mtunzi ni mali inayorithiwa. Tena ipo nukta ambayo watu wengi hawaijui: katika ile sheria ya Kiingereza ya 1911, picha iliyoagizwa na mteja na kulipiwa, mwenye haki wa kwanza alikuwa mteja aliyelipa, pasipokuwa na mapatano mengine, wala si mwenye studio. Babu aliyekwenda studio na kanzu yake mpya na kutoa senti zake, kwa sheria hiyo, hakununua karatasi peke yake. Zama za sasa nchi nyingi zimeliacha jambo hilo na kumrejeshea haki mpiga picha. Kwa hivyo mwaka wa picha, kwa mara nyengine, ndio ufunguo.

Na ikiwa mwenyewe hajulikani? Uingereza tangu mwaka 2014 wameweka utaratibu wa leseni kwa kazi ambazo wenyewe wametafutwa na hawakuonekana. Sharti lake kubwa ni kutafuta kwa dhati, na kuweka ushahidi wa kutafuta. Hata pasipokuwa na utaratibu kama huo, adabu hiyo inafaa ifuatwe: andika uliowauliza, tarehe na majibu yao, uyahifadhi.

Limebaki jambo ambalo sheria za hakimiliki hazikulitazama, nalo ni heshima ya waliomo katika picha. Mpiga picha ana haki, maktaba ina karatasi. Aliyesimamishwa mbele ya kamera ana nini? Katika Nyaraka za Taifa za Uingereza zimo picha za mwaka 1868 za watumwa waliokombolewa majahazini na manowari iitwayo HMS Daphne katika bahari yetu hii. Ni watoto na watu wazima, miili imebaki mifupa. Majina yao hayakuandikwa. Hakimiliki ya picha hizo imekwisha zamani, na kila mwenye kutaka anaweza kuzichapa. Zinafaa kuwamo katika kitabu cha historia, pamoja na maelezo ya kweli ya tarehe na mahali. Kuzitia kwenye tangazo la kuvutia wageni hotelini ni jambo jengine kabisa, ijapokuwa sheria haina la kusema.

Suali hilo limefika mahakamani Marekani. Mwaka 1850, katika jimbo la South Carolina, mtumwa aitwaye Renty na binti yake Delia walivuliwa nguo na kupigwa picha kwa matakwa ya Louis Agassiz, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2019 Bi Tamara Lanier, akieleza kuwa ni kizazi cha Renty, alikishtaki chuo hicho akizitaka picha. Mahakama Kuu ya Massachusetts, mwaka 2022, ilisema kuwa aliyepigwa picha hapati umiliki wa picha kwa kuwa sura ni yake. Lakini ikamruhusu aendelee kudai kwa machungu aliyotiwa na namna chuo kilivyoamiliana naye. Mwaka 2025 pande mbili zikapatana, na Harvard ikakubali kuzitoa picha hizo ziende katika jumba la makumbusho la Waamerika wenye asili ya Afrika mjini Charleston. Sheria haikumpa Renty haki, lakini hoja ya mjukuu wake ilifika mbali zaidi kuliko sheria.

Kwetu sisi neno lipo tayari, nalo ni sitara. Kadi nyingi za posta za zama za ukoloni zina wanawake wa Kiswahili walioketishwa studio, chini yake pameandikwa maneno ambayo hakuna ambaye angependa yaandikwe juu ya bibi yake. Anayezichapa upya hana lazima ya kuyachapa na maneno hayo kana kwamba ni jina la mtu. Aeleze kuwa kadi ilibeba anwani ile, kisha aseme linalojulikana: vazi gani, kipindi gani, studio ya nani.

Kwa wanaotaka kuomba nakala kutoka maktaba au nyaraka, za hapa au za nje, barua ya maombi na itaje namba ya picha kama ilivyo katika orodha yao, matumizi yaliyokusudiwa, idadi ya nakala za kitabu na nchi kitakakouzwa. Ikiwa wamejibu kwa kutaja fedha, waulizwe kwa upole: je, hii ni ada ya huduma, au ya hakimiliki? Na kama ni ya hakimiliki, mwenye haki ni nani, na aliipata vipi? Maktaba yenye heshima yake haichukizwi na suali hilo. Majibu yahifadhiwe pamoja na stakabadhi. Chini ya picha pawekwe jina la mpigaji likijulikana, mwaka au kipindi, jina la mkusanyiko na namba yake, hata kama haki imekwisha, ili mtafiti mwengine aweze kuifikia asili.

Na kwa wenye albamu majumbani, ambao wanafikiria kuziweka katika Nyaraka zetu za Taifa hapo Kilimani: kwanza wakaeni na wazee, muandike majina ya waliomo, mahali na mwaka, kwa penseli laini nyuma ya picha, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kuharibu upande wa pili. Siku ya kuzikabidhi pawepo karatasi iliyotiwa saini na pande zote mbili, inayosema wazi kama familia inatoa picha peke yake au picha pamoja na haki ya kuzinakili, na nani aulizwe pindi mchapaji atakapokuja. Nakala moja ya karatasi hiyo ibaki nyumbani.